Chumba cha utulivu gerezani si zawadi

Gereza halina kimya. Ambaye hajawahi kuingia humo hudhani adhabu ni kufungiwa tu, lakini waliokaa ndani wakianza kusimulia, huanza na sauti: komeo la chuma linalobamizwa, funguo zinazogongana kiunoni mwa askari, mtu anayegonga mlango usiku kucha, runinga mbili zilizo kwenye stesheni tofauti, majina yanayoitwa kwa kipaza sauti kibovu. Zege na chuma havimezi sauti, huirudisha. Sahani ikidondoka upande huu inalia upande ule, halafu inarudi. Kuta zimejengwa hivyo kwa makusudi, maana kitu laini huchanwa, hufichwa vitu ndani yake, hushika uchafu. Ongeza taa ndefu za mirija ambazo mara nyingi hazizimwi kabisa, harufu ya dawa ya kusafishia iliyochanganyika na jasho, na upekuzi wa mwilini unaoweza kuja saa yoyote bila taarifa.

Wengi wetu tungeteseka mahali kama hapo, kisha baada ya muda masikio yangezoea. Wapo watu ambao masikio yao hayazoei kamwe. Kila siku kwao ni ya kwanza. Nataka kuandika habari zao, na za chumba cha utulivu, yaani mahali penye mwanga hafifu na sauti kidogo ambapo mtu aliyezidiwa anaweza kwenda kutulia.

Mimi ni mwalimu wa watoto wenye usonji. Habari za magereza zilinifikia kwa sababu mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima, yuko ndani. Sitasema alifanya nini wala amefungwa wapi. Kosa lipo, alilikiri, na yupo aliyeumizwa ambaye naye ana haki ya kutosemwa hapa. Nitaeleza tu nilichokiona ukumbi wa wageni. Alikaa bega moja limeinuliwa mpaka likaziba sikio. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinasugua mshono wa sare yake, pale pale, bila kuacha, hata uzi umelegea na kitambaa kimeanza kung'aa. Nilipomsalimia alijibu bila kunitazama, na hivyo ndivyo alivyonijibu tangu akiwa mdogo, kwa hiyo nilijua amefurahi kuniona. Askari aliyesimama karibu, mtu mpole kwa kweli, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu kijana wako ana kiburi. Ukimwita hageuki. Ukimshika bega anakurushia mkono."

"Afande, hana kiburi," nikamwambia. "Anasikia vyote kwa pamoja. Sauti yako imo humo humo, hajui ipi aishike."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa nikimhitaji, nifanyeje?"

Nilitamani kila mwenye mamlaka aulize hivyo. Nilimweleza asimame mbele yake, mahali anapoonekana, asimguse, aseme jina lake mara moja kisha angoje. Angoje kweli, kwa muda unaomchosha anayengoja. Jibu huja, ila huja kwa mwendo wake.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, ambao nafanya nao kazi, huhesabu mingine zaidi: ule unaokuambia viungo vyako viko wapi bila wewe kuviangalia, ule wa mizani ulio ndani ya sikio, na ule unaoleta habari za ndani ya mwili, yaani njaa, kiu, haja, mapigo ya moyo. Kwa mtu mwenye usonji, na mara nyingi kwa mwenye ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kushika umakini, milango hii haifunguki kwa kipimo kimoja. Huu uko wazi mno, ule karibu umefungwa. Mtu yule yule anaweza kuumwa kichwa kwa mlio wa taa ambao wewe huusikii kabisa, na bado asitambue kwamba mkono wake umeungua. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, ulizitaja tofauti hizi za hisia miongoni mwa dalili za usonji. Kabla ya hapo wazazi walizieleza miaka na miaka wakaambiwa mtoto anadeka.

Mzigo ukizidi, kuna wanaolipuka na kuna wanaozima. Anayelipuka hupiga kelele, hujipiga mwenyewe, hurusha kilicho karibu, hukimbia hata pasipo na pa kukimbilia. Anayezima hajibu, hasogei, macho yametulia mahali pamoja, na ukimwamrisha mara kumi ni sawa na kumwamrisha aliyelala. Hakuna hila ndani yake. Mtoto anayelia ili apewe kitu hukutazama kwa pembe ya jicho aone kama umelegea; aliyezidiwa hana habari kama upo.

Gerezani hali hizi mbili ni makosa ya nidhamu. Aliyelipuka ameshambulia. Aliyezima amekaidi amri. Na jibu kwa wote wawili aghalabu ni lile lile: kukamatwa kwa nguvu, mikono mingi mwilini kwa mpigo, kisha selo ya upweke yenye mwangwi kuliko ile aliyotolewa. Yaani kila kilichomzidi kinaongezwa. Akizidi kupiga kelele huko, inaandikwa kwamba tabia yake imezidi kuwa mbaya.

Kanuni za dunia zimeliona hili. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Nelson Mandela kuhusu wafungwa. Ya 5 inautaka uongozi wa magereza kufanya marekebisho yanayofaa ili wenye ulemavu, uwe wa mwili, wa akili au mwingine, washiriki maisha ya gereza kwa haki. Ya 39, ambayo ningependa ibandikwe ofisi ya kila anayesikiliza mashauri ya nidhamu, inasema kabla ya kumwadhibu mfungwa lazima iangaliwe kama ugonjwa wa akili au ulemavu wa makuzi umechangia alichofanya, na kwa namna gani. Ya 45 inakataza kumtenga peke yake mwenye ulemavu iwapo kutengwa kutaizidisha hali yake. Hizi si hisani. Ni maneno ambayo serikali zimeyakubali.

Watu hawa si wachache. Mwaka 2021 wakaguzi wa magereza wa Uingereza na wenzao walitoa mapitio ya ushahidi kuhusu watu wenye ubongo unaofanya kazi kwa namna tofauti katika mfumo wa haki jinai: usonji, ADHD, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), ulemavu wa kujifunza, majeraha ya ubongo na mengineyo. Walieleza kwamba huenda nusu ya wanaoingia magerezani wana hali mojawapo. Kwa ADHD peke yake, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa karibu robo ya watu wazima walio gerezani wanayo. Tafiti nyingine zimepata kiwango cha chini zaidi, kwa kuwa mengi hutegemea umepimaje, lakini zote zinakubaliana kwamba ndani ya kuta ni wengi kuliko nje.

Naomba nieleweke. Usonji haumfanyi mtu mhalifu, wala ADHD. Ninachokiona mimi kutoka darasani ni njia inayoanza mapema sana: mtoto anafukuzwa shule kwa sababu hatulii kwenye dawati, anakua bila mtu kumpima wala kumweleza, anashindwa kazi moja baada ya nyingine, anakuwa rahisi kutumiwa na wenye hila, na siku ya kuhojiwa anakubali lolote ili tu atolewe kwenye kile chumba chenye taa kali. Wengi hufika gerezani bila cheti chochote cha daktari. Kwa hiyo msaada wowote unaodai cheti kwanza utawaacha nje wale wale uliokusudiwa.

Sasa nizungumzie chumba chenyewe.

Wazo lake lilipata umbo Uholanzi katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha De Hartenberg kilichohudumia watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Jan Hulsegge na Ad Verheul walitengeneza mahali penye mwanga laini, harufu, muziki na vitu vya kugusa, ambapo mtu angechagua mwenyewe cha kumfurahisha bila kudaiwa matokeo. Marekani, Temple Grandin, ambaye ana usonji, alikuwa kijana alipoona katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona kwamba ng'ombe hutulia wakibanwa pande zote mbili kabla ya kuchanjwa. Akajitengenezea mashine ya kumbana mwili, akaidhibiti kwa mkono wake, na wasiwasi wake ukapungua. Na Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo huko California, alikwisha kuandika kwa miaka kadhaa namna ubongo unavyopanga habari za hisia. Vyumba vya shuleni, hospitalini na sasa magerezani vimechota kwao wote.

Cha gerezani hakiwezi kufanana na cha kwangu shuleni. Kwangu kuna bomba refu la kioo lenye mapovu ya rangi, kamba za taa, bembea iliyofungwa darini. Gerezani kioo ni silaha, kamba ni hatari ya mtu kujitoa uhai, na chochote kinachoning'inia hakikubaliki. Kwa hiyo taa huwekwa nyuma ya plastiki ngumu isiyopasuka, viti ni sponji nene iliyovikwa ngozi ya plastiki, vizito kiasi cha kutoweza kurushwa, pembe zote za mviringo. Blanketi zito hushonwa kwa kitambaa kisichochanika kirahisi, na hukaguliwa kila linapotumika ili lisigeuke ghala la vitu vilivyokatazwa. Ukutani sponji ya kumeza sauti, au angalau zulia. Dirisha dogo mlangoni ili askari aone bila kuingia. Rangi hafifu isiyong'aa. Vitu vya kuchezea mkononi, vya kubonyeza na kuminya, vinavyohesabiwa kabla na baada. Hakuna cha gharama kubwa humo. Sponji, rangi, kitambaa na balbu inayofifishwa.

Hiyo balbu ndiyo nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu wengi wanaoandaa vyumba hivi huiona ndogo. Kitasa cha kuongeza na kupunguza mwanga kiko wapi? Nimeona michoro mingi inayokiweka nje, mkononi mwa mlinzi, kwa usalama. Mimi nasema kiwe ndani. Mfungwa hawashi taa wala haizimi. Hafungui mlango wala haufungi. Hachagui saa ya kula, ya kulala, ya kuoga, wala anayelala kitanda cha juu yake. Kwa mtu ambaye hisia zinamvamia bila hodi, kushika kitasa na kukizungusha mwenyewe ni zaidi ya nusu ya tiba. Darasani kwangu kuna mvulana ambaye hukaa chini ya taa akiipandisha na kuishusha polepole, na unaweza kuona mabega yake yakishuka nayo. Ukiichukua ile taa ukamfifishia wewe, kwa nia njema kabisa, hatulii. Mwanga ni ule ule. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe. Kitasa cha umeme mdogo kilichozibwa vizuri hakimdhuru mtu, kiachwe ndani.

Kimya nacho si dawa ya kila mtu. Mwenye ADHD anaweza kuwekwa kwenye chumba chenye giza na utulivu akahisi anasongwa. Anachohitaji ni kusukuma, kuvuta, kubeba kizito, kuyumba kwenye kiti kinachobembea. Milango yake ya fahamu inaomba kulishwa, haiombi kufungwa. Chumba kizuri kina pembe ya kutulia na pembe ya kutokwa jasho. Na kama nafasi ni moja tu, basi nusu saa ya kubeba mifuko ya unga kutoka stoo hadi jikoni inaweza kumfaa kuliko mto laini.

Ushahidi wa gerezani upo, japo si mwingi. Maarufu zaidi ni wa gereza la Snake River katika jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2013, kwenye sehemu ambayo wafungwa hukaa upweke karibu siku nzima, walianzisha chumba kilichoitwa Chumba cha Buluu. Mfungwa huingia na kutazama video za misitu, maporomoko, bahari na anga zikionyeshwa ukutani. Mwanaikolojia Nalini Nadkarni na wenzake walilinganisha waliokuwa na nafasi hiyo na wasiokuwa nayo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha makosa ya vurugu yamepungua kwa asilimia 26 kwa waliotazama. Kundi lilikuwa dogo, gereza lilikuwa moja, na chumba hakikulenga watu wenye usonji. Lakini kuna jambo moja pale ambalo naliona kubwa kuliko asilimia: askari walijifunza kuona dalili za mtu anayeelekea kulipuka, wakampa chumba kabla hajafika huko.

Kabla. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike.

Niliwahi kufundisha shule moja iliyopata chumba kizuri cha hisia kwa msaada wa wafadhili. Miezi michache baadaye uongozi uliamua kitumike kama motisha: mtoto akikusanya nyota za tabia njema wiki nzima, Ijumaa anaingia. Kwa karatasi mpango ulipendeza. Kilichotokea ni kwamba watoto watulivu waliingia kila Ijumaa, wakafurahia mapovu, na wale ambao miili yao ilikililia chumba kile hawakukiona ndani. Kila walipozidiwa walipoteza nyota. Walipopoteza nyota walipoteza mahali pekee ambapo wasingezidiwa. Mwisho wa muhula chumba kikaandikwa kwenye ripoti kwamba hakikupunguza utovu wa nidhamu.

Magereza mengi yana mfumo wa ngazi. Ukitii unapanda, unapata ziara zaidi, simu zaidi, runinga. Ukikosa unashuka. Ni rahisi mno kukitundika chumba cha utulivu kwenye ngazi hiyo hiyo, na nimesoma maelezo ya vituo vilivyofanya hivyo kwa fahari. Nawaomba wasifanye. Miwani haitolewi kwa wanaoona vizuri kama tuzo ya kuona vizuri. Mwenye kukihitaji chumba zaidi ya wote ni yule mwenye faili nene la makosa, aliyeshushwa ngazi zote, ambaye jana alirusha sahani. Kama sheria ya mlango inamzuia huyo, basi chumba kimejengwa kwa ajili ya picha.

Husemwa kwamba wafungwa wataigiza. Watasema wamezidiwa ili wapumzike. Nimelitafakari sana na sioni tatizo lilipo. Mtu akiigiza ili akae dakika 20 peke yake, bila kumpiga mtu, bila dawa, bila simu ya magendo, gereza limepoteza nini? Gharama ya kumwamini mwongo mmoja ni dakika 20. Gharama ya kumkatalia mkweli mmoja ni mlango uliovunjwa, askari aliyeng'atwa, mfungwa aliyepasuka kichwa kwa kukigonga ukutani, na shauri la nidhamu linalomwongezea muda.

Pingamizi zito zaidi ni la waliodhulumiwa, na silipuuzi. Mtu aliyeibiwa au kupigwa akisikia kwamba aliyemtenda analazwa kwenye sponji chini ya taa ya buluu, moyo wake unauma. Ninamwelewa. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hakimu alitoa hukumu ya kunyimwa uhuru kwa miaka kadhaa, na hukumu hiyo inatumikiwa kamili. Hakuna hakimu aliyehukumu masikio. Wawili wakifungwa kwa kosa moja na muda mmoja, mmoja akilala na mwingine asilale kwa sababu ya mlio wa taa, adhabu zao si sawa, na hakuna mahakama iliyoamua zisiwe sawa. Tena askari wako humo humo kwenye kelele hizo, zamu baada ya zamu, kwa miaka mingi kuliko wafungwa wengi. Ukimya kidogo ungewafaa na wao.

Lakini pia chumba kinaweza kuwa kisingizio, na hapa nawaonya wenzangu tunaokipigania. Historia ina mfano wa kusikitisha. Mwaka 1979, kwenye mahabusu ya jeshi la majini huko Seattle, walipaka selo rangi ya waridi kwa kuamini, kufuatia kazi ya Alexander Schauss, kwamba rangi hiyo hupunguza ukali. Ikasifiwa, ikaigwa na magereza ya nchi mbalimbali. Watafiti walipoipima kwa makini katika gereza la Uswisi, matokeo yakichapishwa mwaka 2015, hawakuona tofauti kati ya selo ya waridi na nyeupe. Rangi ni rahisi, ndiyo maana ilipendwa. Haikudai mtu yeyote abadili namna anavyoongea, anavyofunga mlango au anavyopekua. Chumba kimoja laini mwishoni mwa ukumbi wenye sauti za kupasua masikio kinaweza kutumika hivyo hivyo: kikaguliwe, kipigwe picha, na mengine yote yabaki yalivyo.

Mengine yote ndiyo mazito. Kipande cha mpira kwenye fremu ya mlango ili chuma kisigonge chuma. Funguo ndani ya mfuko wa ngozi. Ratiba ya siku iliyoandikwa na kuchorwa, na ikibadilika mtu aambiwe kabla, hata kama sababu haiwezi kutajwa. Vizibo vya masikio vya sponji. Kuruhusiwa kuchukua chakula mapema kabla foleni haijafurika. Upekuzi unaotanguliwa na maneno: nitakushika bega la kulia sasa, kisha mkono. Ernest Moore, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitazama kumbukumbu za gereza moja la Michigan akakuta kwamba wafungwa ambao madirisha yao yalitazama mashamba walikwenda zahanati mara chache kuliko waliotazama uwanja wa ndani. Dirisha halikuwa tiba ya mtu. Lilikuwa mahali pa kupumzisha macho, nalo lilitosha kupunguza safari za kwa daktari.

Yapo magereza yaliyojaribu kubadili eneo zima badala ya chumba. Gereza la vijana la Feltham karibu na London lilikuwa la kwanza nchini Uingereza kupewa ithibati ya kuwahudumia vizuri wenye usonji na National Autistic Society, shirika la Uingereza linalowatetea watu hao. Parc, huko Wales, lina kitengo kizima cha Cynnwys kwa ajili ya wenye usonji na hali nyingine za namna hiyo. Albion, huko Pennsylvania, Marekani, lina kitengo cha makazi chenye chumba cha hisia ndani yake. Na baada ya ripoti ile ya 2021, magereza ya umma ya Uingereza na Wales yaliwekewa wasimamizi maalumu ambao kazi yao ni kuwasaidia wafungwa hawa na kuwafundisha askari. Kwangu mimi msimamizi mmoja anayejua majina ya watu ana thamani kuliko vyumba viwili visivyo na mwenyewe.

Mwanafunzi wangu nilimuuliza, ziara moja ambayo ukumbi ulikuwa mtupu kiasi, kama angeweza kubadilishiwa kitu kimoja angetaka nini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia blanketi, kwa sababu shuleni alilipenda. Alifikiri muda mrefu, kidole kikiwa kwenye mshono.

"Mwalimu, nijue kengele italia saa ngapi."

Nikaandika barua kwa mkuu wa gereza. Niliomba ratiba yenye saa za kengele, vizibo vya masikio, na mahali pa kwenda anapohisi mzigo unapanda, bila kwanza kuandikiwa kosa. Ratiba imebandikwa ndani ya selo yake, imeandikwa kwa mkono na yule askari wa ukumbi wa wageni, na upande wa chini ameongeza saa za kubadilishana zamu, jambo ambalo sikulifikiria mimi. Vizibo vimeruhusiwa mchana. Usiku bado wanahofia hatasikia king'ora cha moto, na hoja hiyo ni ya haki, kwa hiyo tunazungumzia taa ya kumulika badala yake.

Kuhusu mahali, kuna stoo tupu kando ya maktaba. Mkuu wa gereza amekubali kuiangalia. Ameniuliza gharama ya sponji ya ukutani, na nani atashika ufunguo baada ya saa kumi jioni, maktaba ikishafungwa. La kwanza nimemjibu kwa vipimo na bei. La pili nimemwandikia kwamba saa kumi jioni ndipo wote wanarudi ndani kwa pamoja, milango inabamizwa na majina yanaitwa, na kwamba ufunguo usipokuwepo saa hiyo, afadhali stoo ibaki stoo. Nangoja jibu lake.